Giaboksi Inayotarajiwa Kufika

Saa kumi na mbili na dakika arubaini na moja asubuhi, Jumatatu ya katikati ya mwezi wa saba, basi dogo la dada yangu lilikataa kuingia gia ya tatu. Najua dakika kwa sababu aliponipigia simu niliiandika, na niliiandika kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika. Dada yangu si mtu wa kuandika. Alikuwa amekwama kwenye kilima cha Qurum, hapa Maskati, jua limeshapanda, na alichotaka ni mimi nifike, si mimi niweke kumbukumbu.

Nilifika. Tulilivuta basi mpaka Ghala, eneo la viwanda, kwenye gereji ya fundi mmoja Mkenya anayelijua basi lile kuliko anavyolijua dada yangu mwenyewe. Fundi aliingia chini, akakaa huko muda, akatoka na mafuta kwenye vidole viwili. Akavisogeza juani.

"Bosi, ona vile yanang'aa. Mafuta ya giaboksi hayafai kung'aa. Hiyo ni meno imesagika."

"Haitengenezeki?"

"Kutengeneza ni kupoteza wakati. Tafuta ingine. Hapa Ghala ziko, mitumba ya Japani. Riali mia nne na ishirini, kesho unaipata."

Dada yangu alifiwa na mume miaka mitano iliyopita, na tangu hapo basi lile ndilo mume wake, kwa maana ya kwamba ndilo linaloleta chakula nyumbani. Huchukua watoto kumi na mmoja wa Madinat Sultan Qaboos kuwapeleka chekechea na kuwarudisha. Wazazi wa mtaa ule wana magari mawili matatu kila nyumba, lakini hawana mtu wa kuyaendesha saa hiyo, kwa hiyo wanamhitaji. Hakuna karatasi iliyotiwa saini. Kuna maneno tu, na maneno yale yana masharti yasiyosemwa: siku ya kwanza ya shule basi lisipofika mlangoni, siku ya pili linafika la mtu mwingine. Shule zilikuwa zifunguliwe mwisho wa mwezi wa nane. Tulikuwa na wiki sita.

Mtu mwenye akili angelipa mia nne na ishirini akarudi nyumbani kunywa maji. Mimi nilikuwa na Kijapani.

Nilikuwa nakisoma kwa miaka minne, peke yangu, kwa vitabu viwili vilivyotumika na daftari. Mchana nafanya kazi katika idara ya kumbukumbu ya wizara moja, mahali ambapo hakuna Mjapani aliyewahi kuingia hata kwa kupotea njia. Kabla ya Kijapani nilijifundisha kutengeneza saa za mkono, na nyumbani bado zipo saa tatu ambazo hazijapona. Basi nilipomsikia fundi akisema giaboksi zile zinatoka Japani, sikuona sababu ya kumlipa mtu wa katikati anayejua Kijapani kidogo kuliko mimi. Ningeandika Japani mwenyewe. Ningeokoa zaidi ya riali mia moja, na juu ya hapo ningepata mazoezi.

Lazima nieleze kilichonivutia katika lugha ile, maana ndicho kilichotuponza. Sisi tunaposema Kiswahili, shaka tunaitanguliza. Tunasema labda, pengine, huenda, yumkini, kisha ndipo tunaleta habari, na msikilizaji ameshajiandaa kusikia jambo lisilo na miguu. Kijapani hukaa na shaka yake mpaka mwisho wa sentensi. Unasoma mzigo, unasoma tarehe, unasoma kufika, umeshaanza kutabasamu, ndipo kipande cha mwisho kinakwambia kwamba hayo yote ni tetesi. Nilipenda adabu hiyo. Nilipenda zaidi kwamba vipande hivyo vya mwisho ni vingi na kila kimoja kina kazi yake.

Nilivipanga katika daftari kama ngazi. Juu kabisa niliweka "ni chigai nai", yaani haiwezi kuwa vinginevyo, neno la mtu aliyeona alama za matairi na sasa anakwambia gari lilipita. Chini yake "hazu", ambalo ni tarajio lenye sababu: ratiba inasema, hesabu inakubali, kwa hiyo jambo litakuwa, na lisipokuwa msemaji atashangaa pamoja nawe lakini hatalaumiwa. Kisha "deshō", lugha ya watabiri wa hali ya hewa. Kisha "rashii", ambalo ni yasemekana, nimesikia, dalili zaonesha. Chini kabisa nikaweka "kamoshirenai", ambalo ukilifungua neno kwa neno ni kama kusema: iwapo ndivyo, haijulikani.

Mpaka hapo nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaandika asilimia pembeni ya kila neno. Tisini na tano, themanini na tano, sabini, sitini, thelathini na tano. Hakuna kitabu kilichonipa hesabu hizo. Vitabu vyenyewe viliona haya.

Nilimpata muuzaji mwenye yadi ya magari yaliyochakaa katika mji mdogo wa kaskazini ya Japani. Nilimwandikia ujumbe ulionichukua jioni mbili. Alinijibu kwa dakika nane, kwa heshima kubwa: giaboksi ipo, itapanda meli, na itafika kabla ya tarehe ishirini ya mwezi ujao. Mwisho wa sentensi palikuwa na "hazu".

Themanini na tano. Nililipa siku ile ile, kwa pesa zangu. Dada yangu alisema, "Nnayo akiba kidogo, kaka, tuchangie." Nikamwambia akiba yake aiweke, kaka yake yupo. Ilikuwa kauli nzuri. Niliirudia mara moja zaidi ili mama asikie.

Kila Ijumaa baada ya sala tunakula kwa mama yetu, sisi watatu tu. Mama alizaliwa na kulelewa Tabora, akaja Maskati akiwa mtu mzima, na katika miaka yote hiyo hajaona sababu ya kubadilisha lugha mezani. Ijumaa ya kwanza nilitoa taarifa.

"Mjapani wako kasemaje?" akauliza dada yangu.

"Kasema itafika kabla ya tarehe ishirini. Kwa hazu."

"Hazu ndo nini? Jina la meli?"

"Ni tarajio lenye sababu."

"Mwambie mie sina haja ya tarajio lenye sababu, nnataka giaboksi yenye meno."

Mama akacheka mpaka akashika meza. Nikawaeleza tofauti ya tarajio lenye sababu na dhana tupu, nikatoa mifano mitatu. Wali ulikuwa unapoa. Nilipomaliza, dada yangu akasema, "Inshallah, kaka." Nikaandika kwenye daftari: dada ameelewa.

Wiki mbili baadaye ulikuja ujumbe wa pili. Meli imebadilishwa, mzigo huenda ukachelewa kidogo. Mwisho wa sentensi: "kamoshirenai", limevaa nguo zake za heshima. Nikafungua ngazi yangu. Thelathini na tano. Kwa hiyo, nikahesabu, kuna asilimia sitini na tano kwamba mzigo hautachelewa hata kidogo. Ujumbe wa kuchelewa nikaupokea kama habari njema. Nadhani mimi ndiye mtu pekee katika Ghuba nzima aliyewahi kufurahishwa na barua ya namna ile.

Alhamisi hiyo nilipita Ghala kumpa fundi habari.

"Huenda ikachelewa," nikamwambia. "Huenda tu. Asilimia thelathini na tano."

"Hiyo asilimia amesema yeye?"

"Nimehesabu mimi."

"Ah." Akafuta mikono. "Bosi, mimi nikimwambia mteja gari yake huenda ikachelewa, hiyo imechelewa tayari. Huwa namtayarisha roho tu."

"Huyu ni Mjapani. Hawafanyi kazi kwa namna yenu."

"Sawa, bosi," akasema, kwa upole ambao ningeupima vizuri zaidi kama ungekuwa umeandikwa kwa Kijapani.

Kesho yake mezani nikatoa hesabu ya sitini na tano. Dada yangu aliangalia sahani yake. Mama ndiye aliyeuliza.

"Huyo Mjapani ushamuona?"

"Sijamuona, mama. Tunaandikiana."

"Mkewe je?"

"Mama, mke wake nitamuonea wapi?"

"Basi hujui kama kaoa."

"Inahusu nini na giaboksi?"

"Mtu asiye na mke hana wa kumkumbusha," akasema mama, akanisogezea achari. Dada yangu akasema, "Inshallah, kaka," polepole, kama mtu anayeweka kikombe chini asitake kitoe sauti. Nikaandika: dada ana subira.

Tarehe ishirini ilifika bila giaboksi. Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, nikimuuliza kama kabla ya mwisho wa mwezi mzigo utakuwa umeshafika. Akajibu kwamba kabla ya mwisho wa mwezi huenda ikawa vigumu. Tena neno lile la chini kabisa ya ngazi. Huenda ikawa vigumu. Thelathini na tano kwa ugumu. Kwa hiyo sitini na tano kwa wepesi. Siku hizi najua kwamba Mjapani akikuandikia kwamba jambo huenda likawa vigumu, ameshakukatalia, ameshafunga duka na yupo kwake miguu imepumzika. Hilo halikuwa katika vitabu vyangu viwili. Au lilikuwamo na mimi nilikuwa nimeshaandika asilimia juu yake.

Kwa kweli nilianza kuogopa. Usiogope kwa asilimia, nilijiambia, ogopa kwa tarehe. Zilikuwa zimebaki siku tisa, kisha tano. Nilikwenda Ghala kuhakikisha kwamba angalau fundi yupo tayari, ili mzigo ukishuka tu afanye kazi siku hiyo hiyo. Nilikuta pale lilipokuwa basi pana gari jingine.

"Basi liko wapi?"

"Nimelisogeza, bosi. Hapa jua ni kali."

"Sehemu gani?"

"Huko," akasema, na kidevu chake kikaonesha upande mzima wa eneo la viwanda.

Sasa katika Kijapani kuna kipande kingine cha kusemea yale unayoyakisia kwa macho yako mwenyewe: unaona watu wanafunga miavuli, unasema inaelekea mvua imekatika. Kipande hicho nilikijua. Nilikuwa nimekitungia sentensi ishirini. Nikatoka gereji ile na kuandika: basi limesogezwa kivulini.

Ijumaa ya mwisho kabla ya shule nilikubali mezani kwamba giaboksi haitawahi siku ya kwanza, ila siku za mwanzo mwanzo tu zingekuwa na shida. Nikasema nina mpango. Dada yangu akachukua kipande kikubwa kuliko vyote cha samaki, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Inshallah kheri, kaka."

Nilidhani ni shukrani.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Gari langu dogo linachukua watoto wanne nyuma, wakibanana, na mmoja mbele. Watoto kumi na mmoja ni safari tatu. Nilipima njia, nikachora ratiba, nikaiomba ofisi ruhusa ya asubuhi mbili, nikaosha gari. Niliandika pia maneno ya kuwaomba radhi wazazi, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, nikayasema mbele ya kioo. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza sikulala vizuri. Akilini nilimwona dada yangu akipigiwa simu, moja baada ya nyingine, kila mzazi akimwambia kwa adabu kwamba wamepata njia nyingine, na yeye akijibu kila mmoja kwamba hakuna neno. Hakuna neno mara kumi na moja. Nilijua ni kazi ya nani.

Jumapili, siku juma la shule linapoanza hapa Maskati, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilisimama mbele ya nyumba yake. Basi lilikuwa langoni. Injini inaunguruma. Dada yangu alikuwa nyuma ya usukani, chupa ya chai imebanwa kando ya kiti, anafuta kioo cha ndani kwa ncha ya shela.

"Kaka! Saa hizi? Nani kafa?"

"Basi linatembea."

"Latembea."

"Kwa giaboksi ipi?"

"Ya Ghala."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ulokuja na sitini na tano."

Nilisimama na ratiba yangu mkononi. Ilikuwa na rangi mbili.

"Mbona hukunambia?"

"Nlikwambia. Nlisema inshallah."

"Inshallah si hapana."

"Kaka." Alizima injini, jambo ambalo hulifanya tu akiwa na la kusema. "Wewe ushalipa kwa pesa zako. Ushanambia kaka yako yupo, mara mbili, mbele ya mama. Sasa mie hapana ntaitoa wapi?"

Hapakuwa na pa kuitoa. Katika nyumba yetu hakuna mdogo aliyewahi kumwambia mkubwa hapana. Mdogo husema inshallah, na mkubwa hupaswa kuwa na masikio. Marehemu baba alikuwa nayo. Aliposikia inshallah ya namna fulani aliacha shauri lake, akaingia chumbani, akatoka na shauri jingine kama kwamba ni la kwake. Nilikulia ndani ya mambo hayo. Kisha nikaketi miaka minne nikijifunza kupima shaka ya watu wa kaskazini ya Japani.

"Pesa ulipata wapi?"

"Upatu. Nliomba zamu yangu isogezwe mbele."

"Wakakubali?"

"Nliwaeleza. Wakacheka, wakakubali."

"Wapo wangapi?"

"Saba."

Wanawake saba, basi, kutoka nyumba saba za Maskati, walijua kwa wiki nne kwamba giaboksi yangu haiji, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kunishtua. Nikamuuliza zamu aliyoichukua ilikuwa ya nani.

"Ya mama," akasema.

Mama, aliyekaa mbele yangu Ijumaa zote zilizofuata akinisogezea achari na kuniuliza kama Mjapani keshaoa.

"Panda basi," dada yangu akasema, akiwasha tena. "Ushaamka, utanisaidia kuwafunga mikanda. Na hiyo karatasi iweke, watoto wataichora."

Nikapanda. Tulipita nyumba zote za Madinat Sultan Qaboos, na kila lango lilifunguka kabla hajapiga honi. Watoto kumi na mmoja. Niliwahesabu wakipanda na niliwahesabu tena wakishuka, na mama mmoja alisimama dirishani kwa dada yangu akamuuliza kama ana nafasi ya mtoto wa jirani. Dada yangu akasema ataangalia, inshallah. Nilimsikiliza vizuri. Ilikuwa ya ndiyo.

Giaboksi yangu ilifika bandarini siku kumi na moja baadaye. Muuzaji aliniandikia kwamba inaelekea mzigo umefika, kwa kile kipande cha mtu anayekisia kwa dalili, ingawa mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya ushuru mkononi. Nilimshukuru. Hakuwahi kuniambia uongo hata mara moja. Nimezirudia barua zake zote kutafuta, nikakosa.

Nilimpelekea fundi. Aliifungua, akachovya kidole, akakisogeza juani. Mafuta yalikuwa safi kama ya kupikia.

"Bosi, hii ni nzuri kuliko ile nilifunga."

"Huenda?"

"Hakuna huenda. Hii ni nzuri kabisa. Tatizo haina gari."

Aliniambia anaweza kuinunua yeye, ikae rafuni mpaka apatikane mteja, kwa riali mia na ishirini. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho. Akanitazama kwa huruma, akasema ndiyo.

Jioni dada yangu alikuja kwangu na bahasha. Alikuwa amesikia, maana fundi ni mtu wake kuliko wangu. Alitaka tugawane hasara nusu kwa nusu.

"Hapana," nikasema.

Nililisema neno hilo peke yake, wazi, bila kulivalisha kitu, kwa kuwa nilidhani baada ya yote yale tungefaidika na uwazi kidogo. Dada yangu alininunia siku mbili. Siku ya tatu mama alipiga simu kuniuliza nimemtukana nini mwenzangu. Nikamweleza. Akaguna. "Na wewe," akasema, "si ungesema inshallah tu?"

Bei ya giaboksi, nauli ya meli, ushuru na gharama za kuitoa bandarini vilikuja riali mia tatu na moja na nusu. Nimeondoa mia na ishirini alizonipa fundi. Hasara yangu ni riali mia na themanini na moja, na baisa mia tano.